Jina la Samaki Lisiwe Shiboleti



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinatuelezea namna Mungu alivyoleta nyama mbele ya Adamu kusudi awape majina. Someni tena mstari wa 19 na wa 20 polepole. Mtakuta nyama ya kufuga, nyama ya pori, na ndege ya juu. Samaki hamtaikuta. Hatusemi kama Biblia ilisahau kitu, hapana. Tunasema tu kama kwa upande wa samaki, kila ngambo ya maji ilifanya kazi ya Adamu yenyewe, bila kuuliza ngambo ya jirani. Na matokeo yake tunayaona kila siku hapa Bukavu, katika nyumba yetu ya kulia.

Angalieni sisi wa internati tunatoka wapi. Kuna wenzetu wa ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Kalemie. Kuna wa ziwa Kivu: Idjwi, Kalehe, Goma. Kuna wa ziwa Edward, kwa Vitshumbi na Kyavinyonge. Kuna hata wawili waliotoka Lubumbashi, ambao wanajua zaidi samaki ya kukauka kuliko ile ya maji. Kila mmoja alikuja na godoro lake, sanduku lake, ndoo yake, na majina yake ya samaki. Godoro na ndoo tuliandika katika kitabu siku ya kuingia. Majina hapana mtu aliyeyaandika, juu hayana uzito. Lakini mwaka huu tumeona kama yana uzito kuliko sanduku, na ndiyo sababu tunaomba nafasi katika gazeti letu.

Tuanze na mambo ya kuchekesha.

Mwenzetu mmoja wa kule Butembo anaitwa Kambale. Kwa Wanande jina hili ni la heshima: ni mtoto mwanamume wa pili katika nyumba. Mtu akisikia Kambale, anajua mbele yake kuna kaka mmoja. Lakini siku ya kwanza alipojitambulisha mezani, wenzetu wa Tanganyika waliweka vijiko chini wakacheka mpaka machozi. Kwa Waswahili wengi kambale ao kambare ni ile samaki ya matope, yenye kichwa kipana na ndevu ndefu, isiyo na magamba. Mwenzetu alikasirika. Kiisha akawajibu vizuri: «Kwetu miye niko mutoto wa pili. Kwenu niko chakula. Sasa nani anayejua jina yangu muzuri zaidi?» Tangu siku ile wanamwita Yaya Kambale, na anapewa heshima yake.

Jambo la pili. Mtoto mmoja aliyekaa na mjomba wake karibu na mpaka wa Uganda alisimulia kama kule walikula mamba mara mingi, tena ni tamu. Chumba chote kikanyamaza. Wengine walianza kumwangalia meno. Mamba kwetu ni yule mkubwa wa mtoni, mwenye mkia wa msumeno, anayemeza mbuzi. Lakini kwa Waganda emmamba ni samaki: ndefu sawa nyoka, inapumua hewa, na maji yakikauka inajizika katika udongo na kungojea mvua. Waluo na watu wa Mwanza wanaiita kamongo. Hata ukoo mmoja mkubwa wa Waganda unaitwa kwa jina la samaki hii. Na tukifungua vitabu vya Wazungu, tunakuta mamba ni nyoka yenye sumu kali. Basi neno moja: mtu wa kwanza anakimbia maji, wa pili anakimbia pori, wa tatu anatafuta chumvi.

Haya ni ya kucheka. Lakini tunaomba mwangalie kitu kimoja. Mwenzetu mmoja Msabato, samaki ikiletwa mezani, hamuulizi mpishi jina lake. Anauliza: «Iko na magamba?» Anafuata ile sheria ya Walawi sura ya 11, inayosema juu ya mapezi na magamba. Wengine wanamcheka kwa swali hilo. Sisi tunaona ana akili kuliko wengi wetu. Jina linaweza kubadilika njiani kutoka Kasindi mpaka hapa, lakini ngozi ya samaki haibadiliki. Yeye anauliza mwili, hapana jina.

Sasa tuingie katika samaki kubwa. Pale Uvira, na ngambo ile ya Burundi, mukeke ni samaki ya sherehe: nyembamba, ndefu, nzuri ya kuchoma. Vuka ziwa hilohilo mpaka Kigoma, useme mukeke, watakuelewa polepole. Wao wanasema mgebuka. Teremka mpaka mwisho wa ziwa, kule Mpulungu katika Zambia, inaitwa bukabuka. Ni ziwa moja, inchi nne, na samaki inapita chini ya mipaka bila karatasi yoyote. Vilevile kuhe ya Uvira na ya Kigoma, ile kubwa inayopendwa katika karamu, kule Zambia ni nkupi.

Kinyume chake pia kipo: jina moja, samaki mbalimbali. Wavuvi wa Tanganyika wanasema sangala juu ya samaki kubwa za jamaa ya mukeke. Watu wa Mwanza, kwa ziwa Victoria, wanasema sangara. Ukisikia haraka, utasema ni ileile. Kumbe sangara ya Victoria ni samaki ingine ya jamaa ile, ambayo watu waliitia katika ziwa lile katika miaka ya 1950 na 1960. Inakua kubwa sana, nayo ilikula samaki ndogo mingi sana za pale. Wakenya wanaiita mbuta, Waganda wanaiita mputa. Kinshasa wanaiita capitaine, kwani iko katika mto wetu mkubwa tangu zamani, bila kuletwa na mtu. Lakini ukisafiri mpaka pwani ya Senegali, ukaomba capitaine, watakuletea samaki ya bahari isiyo na undugu nayo hata kidogo.

Sasa tufike kwa samaki ndogo, maana ndizo zilizoleta shida kubwa.

Katika Tanganyika kuna samaki ndogo mbili za jamaa ya sardini, zinazoishi katikati ya ziwa na kuvuliwa usiku kwa taa. Ya kwanza ni nyembamba, na urefu wake haupiti sana sentimeta 10. Ya pili ni nene kidogo, na inaweza kufika sentimeta 17. Wataalamu wanaita ya kwanza Stolothrissa tanganicae, na ya pili Limnothrissa miodon. Wavuvi wetu wanaita ya kwanza ndakala. Warundi wanasema ndagala. Ya pili, ikiisha kuwa kubwa, wanaiita lumbu ao lumpu. Lakini ikiwa ingali ndogo, inatembea pamoja na ndakala, inaingia katika wavu mmoja, inakauka juu ya mchanga mmoja, na katika gunia yote ni ndakala. Nani atakaa juani kuzichagua moja moja? Kigoma wanafanya vilevile, ila wao wanasema dagaa.

Na neno dagaa lenyewe ni mtego. Mtu akisoma kitabu cha Tanzania kilicho katika maktaba yetu, atadhani dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni samaki moja. Si hivyo. Dagaa wa Mwanza, ambaye Waluo wanamwita omena na Waganda mukene, si wa jamaa ya sardini hata kidogo. Na watu wa pwani ya bahari wana dagaa wao wengine. Hapo jina halisemi ni samaki gani. Linasema tu: ni ndogo, inakauka, inauzwa kwa kipimo.

Ziwa letu la Kivu nalo zamani halikuwa na samaki kama hizi. Katikati ya maji palikuwa patupu. Mto Ruzizi unatoka hapa Bukavu na kushuka mpaka Tanganyika, lakini maporomoko yake ni makali, samaki ya chini haiwezi kupanda. Basi katika miaka ya 1958 mpaka 1960 wataalamu walichukua vitoto vya samaki kutoka Tanganyika, wakavitia katika Kivu, kusudi watu wapate chakula. Walitaka hasa ile nyembamba, ndakala yenyewe. Lakini ile haikushika. Iliyoshika ni ile nene, Limnothrissa, iliyokuja pamoja nayo. Ilizaa, ilijaa ziwa zima, na watu wakaipa jina jipya: sambaza. Leo mama anayeuzisha sambaza kandokando ya ziwa letu anauzisha mjukuu wa lumbu ya Uvira. Samaki hii hii ilipelekwa pia katika ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, katika miaka 1967 na 1968. Kule ni kapenta, na wenzetu wa Lubumbashi wanaijua kwa jina hilo. Lumbu, sambaza, kapenta: ni mtoto mmoja mwenye majina matatu katika nyumba tatu.

Tumeeleza hayo kwa urefu sababu ya gunia.

Wote mnakumbuka gunia lile. Katika muhula wa pili ilikusudiwa kununua gunia moja ya ndakala kutoka upande wa Uvira. Mpishi wetu ndiye aliyetumwa, na alirudi na gunia pamoja na karatasi ya muuzishaji iliyoandikwa ndakala. Siku ya posho gunia ikafunguliwa. Wenzetu wa ziwa Kivu wakaangalia, wakakuta kati ya samaki nyembamba kuna zingine nene wanazozijua tangu utoto. Mmoja akapaza sauti: «Hii haiko ndakala! Hii iko sambaza ya hapa hapa!» Mara moja hesabu ikafanyika bila kalamu: mzee hakufika Uvira, alinunua sambaza sokoni hapa hapa kwa bei ya chini, akachanganya, na franka zilizobaki zikaingia mfukoni.

Siku tatu zilitosha. Watoto wadogo hawakumsalimu tena. Usiku mtu aliandika neno moja kwa makaa juu ya mlango wa jikoni, neno ambalo hatutaliandika tena hapa. Wenzetu wa Uvira walijaribu kusema: «Hizo njo ndakala zetu, ziko bile siku zote.» Wakajibiwa kama wanamkinga mtu wao. Tunataka mwone vizuri hatari yake: mtu ametumika katika jiko hili miaka mingi, ana watoto, na jina lake lilianza kuoza kwa sababu ya jina la samaki.

Sisi wa ukapita tulikwenda kwa mwalimu wetu wa biolojia, na tunamshukuru. Hakuhubiri. Aliomba sahani moja ya samaki za gunia, lupu moja, na meza mbele ya wote. Aliwaita watu wawili wa kila ziwa, akawaambia wachague: nyembamba huku, nene huku. Walipomaliza, palikuwa mafungu mawili. Akaonyesha fungu la nene akasema: «Watu wa Kivu, mlisema ni sambaza. Ni kweli.» Wakashangilia. Kiisha akaonyesha fungu la nyembamba, lililokuwa kubwa zaidi: «Na hii, nani amekwisha kuivua katika Kivu?» Hapana aliyeinua mkono. Akaeleza yale tuliyoandika juu: kama nyembamba ilitiwa katika Kivu na haikushika. Basi gunia lenye samaki hii haliwezi kuwa lilijazwa kwa samaki ya ziwa letu. Na mahali nyembamba inapovuliwa, nene inaingia pamoja nayo bila kuitwa. Gunia lilitoka Tanganyika, na samaki zenyewe zilishuhudia.

Watu wa Kivu walisema kweli, maana walijua macho na mwili wa sambaza. Watu wa Uvira walisema kweli, maana kwao gunia nzima inaitwa ndakala. Na karatasi ilisema kweli. Wote walisema kweli, na katikati ya kweli hizo zote mtu mmoja alikuwa karibu kupoteza kazi. Uwongo haukuwa katika samaki wala katika majina. Ulikuwa katika haraka ya kudhani kama jina la kwetu ni jina la dunia nzima.

Mlango ulioshwa. Watatu walikwenda jikoni kumwomba mzee masamaha. Wengine wanapita tu na kuinamisha kichwa, na tunawaambia njia ya jikoni ingali wazi. Mzee mwenyewe aliwajibu wale watatu kwa maneno mafupi: «Batoto, miye niliuza samaki, sikuuza jina.» Na hapo hapo angalieni tena: kwetu huku kuuza ni kutoa franka na kupokea kitu, na anayetoa kitu anauzisha. Msomaji wa Dar es Salaam akisoma maneno ya mzee wetu, atadhani amekiri kama aliuzisha samaki za shule! Ndiyo namna neno moja linaweza kumfunga mtu mbali na kwake.

Kuna jambo la mwisho, na hili halina kicheko.

Kijana mmoja wa darasa la pili, aliyelelewa na bibi yake kandokando ya ziwa upande wa Goma, alisema mezani «isambaza», na ile i mbele. Ndiyo namna bibi yake anavyosema, na ndiyo namna ya wavuvi wa Rwanda pia. Mmoja akamwambia: «Rudi kwenu.» Hakupigwa. Hakulia. Lakini juma nzima tuliona kama mezani hataji tena samaki. Anaonyesha kwa kidole tu. Tulipokaa naye, alisema: «Naogopa mudomo yangu.» Ana miaka kumi na tatu.

Wandugu, someni Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka waliambiwa aseme Shiboleti. Aliyesema Siboleti alijulikana kama ni wa Efraimu, naye akauawa palepale. Hesabu ya waliokufa wakati ule imeandikwa: watu 42 000. Wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu wa ngambo mbili za mto mmoja. Tena wanaosoma vitabu wanatuelezea kama neno lile lilikuwa la kawaida kabisa: suke la nafaka, ao mkondo wa maji. Kitu cha shamba ao cha mto, sawa samaki kwetu. Katika inchi yetu, hasa upande huu wa mashariki, hatuhitaji kueleza kama kuna watu waliosimamishwa njiani wakasikilizwa mdomo. Kila nyumba inajua yake. Ndiyo sababu tunasema bila kupepesa: katika meza yetu, ambapo tunaomba baraka pamoja mbele ya kula, ndakala na ndagala, sambaza na isambaza, visiwe kivuko cha Yordani. Ziwa Kivu lina mpaka katikati, lakini hapana samaki inayoujua.

Wengine watasema: basi tuache majina haya yote, tusome majina ya wataalamu peke yake. Ni kweli yana faida kubwa. Tangu Linnaeus wa Suede alipotoa kitabu chake cha mwaka 1758, kila nyama inapewa jina lenye maneno mawili, na mwalimu wa Kalemie anaweza kuandikiana na mwalimu wa Japani bila kukosana. Pale Uvira kuna kituo cha uchunguzi wa maji na samaki, na wanaotumika pale wanahitaji majina hayo kila siku. Nasi wa mwaka wa mwisho tunayahitaji kwa mtihani wa Serikali. Mtuamini, tunayakariri hata tukioga.

Lakini hata majina hayo yanatembea. Vitabu vya zamani vinaita tilapia yetu Tilapia nilotica. Tangu miaka ya 1980, baada ya kazi kubwa ya mama Ethelwynn Trewavas iliyotoka mwaka 1983, wataalamu wanaiita Oreochromis niloticus. Mama wa sokoni hakuambiwa. Anaendelea kusema tilapia, na tunaelewana. Tena jina la mukeke katika vitabu ni Lates stappersii. Linamkumbuka daktari Stappers wa Ubelgiji, aliyechunguza ziwa katika miaka 1911 mpaka 1913. Yeye aliikuta tayari ina jina, maana wavuvi waliokuwa majini waliijua mbele yake. Hatusemi hayo kwa chuki. Tunasema tu kama jina la kitabu linatusaidia kukutana, na jina la nyumbani linatuonyesha mtu ametoka wapi. Mwenye akili anachukua yote mawili. Vitabu havitamwambia kama lumbu ndogo inatembea na ndakala mpaka amwulize mvuvi, na mvuvi hataweza kuongea na mtu wa Kariba mpaka wapate neno la katikati.

Basi tunaleta shauri letu, na Bwana Prefe ameisha kulikubali.

La kwanza: mtu akitaja samaki, nyama ao mti kwa jina usilolijua, ao kwa jina unalolijua lakini kitu si kile, usiseme «unadanganya». Uliza maswali matatu: inatoka maji gani ao pori gani? Iko na mwili wa namna gani? Unaweza kunionyesha? Maswali haya yanachukua muda mfupi kuliko kuosha mlango wenye makaa.

La pili: karatasi ya kununua vitu vya jiko isiandike tena jina tu. Iandike pia ziwa lilikotoka, na kama ni mbichi, ya kukauka ao ya moshi. Mpishi wetu mwenyewe ndiye aliyeomba jambo hili. Tunaona ni haki yake.

La tatu: tumebandika karatasi kubwa ukutani, karibu na dirisha la jikoni. Kushoto kuna picha za samaki kumi zilizochorwa na wanafunzi wa darasa la nne. Chini ya kila picha kuna jina la kitabu. Upande wa kuume kuna nafasi nyeupe kwa kila ziwa na kila lugha. Yule kijana wa darasa la pili ndiye aliyeandika wa kwanza, kwa mkono wake, na hakusahau ile i yake. Chini yake wenzake wa Bukavu waliandika sambaza, wa Uvira lumbu, wa Lubumbashi kapenta. Kuna mchoro mmoja usio na jina lolote mpaka sasa: samaki ndogo, yenye milia, ambayo wenzetu watatu wa Baraka wanaijua lakini hawapatani. Tunangojea wamalize mashindano yao.

Wazazi watakaokuja siku ya kutembelea waombwe pia kuandika, zaidi mabibi. Kalamu imefungwa na kamba kwenye msumari. Tafazali musiiondoe, juu ile ya kwanza iliondoka siku moja tu baada ya kuwekwa, na ile haikuwa na shida yoyote ya jina.